Madaftari ya Bonde la Kilombero Yahifadhiwe Wapi?

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya wafanyabiashara, lakini inawahusu wanasayansi hata zaidi. Mfanyabiashara aliyepoteza daftari lake aweza kuingia ghalani na kuhesabu upya magunia yake. Mtaalamu wa wadudu aliyepoteza daftari la mwaka 1958 hawezi kuurudia mwaka 1958, akahesabu upya mbu waliotua ukutani katika nyumba fulani ya Ifakara usiku fulani wa masika. Usiku huo umekwisha pita, nyumba imekwisha bomoka, na pengine hata mbu wenyewe si wa jamii ile ile.

Mji wa Ifakara unafaa kuchukuliwa kuwa mfano, kwa sababu ni mahali pachache katika Afrika Mashariki palipochunguzwa kwa muda mrefu kama bonde la mto Kilombero, lililolala kati ya milima ya Udzungwa na vilima vya Mahenge. Mwaka 1935 A. T. Culwick, aliyekuwa ofisa wa serikali ya kikoloni, pamoja na mkewe G. M. Culwick, walitoa kitabu juu ya Wabena wa bondeni. Mwaka 1949 alifika Ifakara Rudolf Geigy, mtaalamu wa mambo ya wanyama kutoka Basel, ambaye miaka michache kabla yake alikuwa ameanzisha huko kwao Taasisi ya Uswisi ya Magonjwa ya Nchi za Joto. Alipokewa na Wakapuchini wa misheni, na katika nusu ya pili ya miaka ya 1950 maabara ndogo ya uwandani ilianza kazi karibu na hospitali ya misheni hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kiliongezwa kituo cha kuwafundishia waganga wasaidizi wa vijijini. Maabara ile haikufa. Ilibadilika jina na wenyewe, ikawa kituo cha Watanzania katika miaka ya 1990, na tangu mwaka 2008 inajulikana kwa jina la Taasisi ya Afya Ifakara.

Kwa hiyo kwa muda wa takriban miaka tisini watu wenye kalamu, hadubini na nyavu wamekuwa wakiingia na kutoka katika bonde hili. Wamehesabu mbu, mbung'o na papasi. Wamepima maji ya mto, wamekausha mimea, wamepima uzito wa watoto, na wamechora ramani za vijiji ambavyo baadhi havipo tena. Kazi yao imeacha mabaki ya namna mbili. Namna ya kwanza ni makala na vitabu vilivyochapishwa, navyo hupatikana katika maktaba kubwa za dunia. Namna ya pili ni vitu ambavyo havikuchapishwa: madaftari ya uwandani, shajara, kadi za wagonjwa, picha, ramani zilizochorwa kwa mkono, mbu waliochomwa pini, chupa za nyoka katika spiriti, vioo vya damu. Juu ya namna hii ya pili mtu akiuliza iko wapi, hupewa majibu mengi, na mengi yao huanza na neno "labda".

Wako wanaoona kuwa jambo hilo si la kuhangaikia. Husema kwamba matokeo ya utafiti yamo katika makala. Daftari ni kama jukwaa la mwashi, ambalo nyumba ikikamilika huvunjwa likawa kuni. Hoja hiyo ina sura nzuri, lakini inaonyesha kwamba mwenye kuitoa hajawahi kujaribu kuitumia makala ya zamani kwa swali jipya. Makala hujibu swali la mwandishi wake. Hutoa wastani, huacha yasiyolingana, na hukaa kimya juu ya siku ambazo mtego haukunasa kitu. Daftari huandikwa kabla mwandishi hajajua ni lipi litakalofaa, na ndiyo sababu huwa na mambo ambayo hata yeye mwenyewe hakujua kuwa anayahifadhi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mbu wa malaria. Katika miaka ya 1950 mtaalamu aliyeandika "Anopheles gambiae" alidhani anataja jamii moja ya mbu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 majaribio ya kuwapandisha mbu hao maabarani yalionyesha kwamba chini ya jina hilo kulikuwa na jamii kadhaa zinazofanana mno kwa macho, hata kwa hadubini. Moja kati yao hupenda kumwuma mtu ndani ya nyumba. Nyingine, inayoitwa sasa Anopheles arabiensis, huridhika pia na damu ya ng'ombe, na huuma nje kwa urahisi zaidi. Tofauti hiyo si ya wasomi peke yao, kwa maana chandarua humzuia vema mbu wa kwanza kuliko wa pili. Njia ya kuwatenganisha kwa urahisi kwa kupima chembe zao za urithi ilipatikana mwaka 1993 tu.

Sasa fikiria makala ya mwaka 1955 au 1960 inayosema kwamba katika kijiji fulani walikamatwa gambiae wengi kiasi fulani. Walikuwa ni mbu wa jamii gani? Makala haiwezi kujibu, wala mwandishi wake, kama angalikuwa hai, asingaliweza kukumbuka. Anayeweza kujibu ni mbu mwenyewe, aliyekauka juu ya pini yake, ikiwa yupo, na ikiwa chini yake kuna kipande cha karatasi kilichoandikwa mahali, tarehe, na namna alivyokamatwa. Mguu mmoja wa mdudu huyo waweza kutosha kumtambulisha. Akikosekana, sura nzima ya historia ya malaria katika bonde inabaki na doa.

Wala doa hilo si dogo. Hali ya mbu wa Kilombero imebadilika mno. Katika kijiji cha Namawala, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilikadiriwa kwamba mtu mmoja huumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Kisha vikaja vyandarua vyenye dawa, kwa mradi uliopewa jina la KINET na baadaye kwa mipango ya taifa. Gambiae halisi, yule mpenda binadamu, amekuwa adimu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba katika vijiji vilivyochunguzwa vya Kilombero na Ulanga zaidi ya asilimia 80 ya maambukizo hutokana na mbu mwingine, Anopheles funestus, ambaye hapo zamani hakuwa akipewa uzito huo. Je, funestus ameongezeka, au ameonekana tu baada ya wenziwe kuondoka? Je, usugu wake kwa dawa ulianza lini? Haya ni maswali ambayo afisa wa afya wa wilaya angependa yajibiwe kabla ya kununua dawa ya mwaka ujao, na nusu ya majibu yake imo katika makabati ya jana.

Kuna mfano mwingine, wa kusikitisha zaidi, kutoka Mahenge. Mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari kijana wa Kinorwe, Louise Aall, aliyekuja kujulikana kwa jina la Jilek-Aall, alifika Tanganyika. Huko Mahenge aliwakuta Wapogoro wengi waliougua kifafa, wengi kupita kiasi cha kawaida, nao wakiepukwa na majirani kwa kuogopwa kuambukiza. Alianzisha kliniki, akawapa dawa, na akaandika habari za kila mgonjwa: jina, ukoo, umri alipoanza kuanguka, majeraha ya moto aliyoyapata alipoangukia jikoni. Kati ya mambo aliyoyaandika ni kwamba watoto wengine, kabla ya kifafa chenyewe kuwashika, walikuwa na hali ya kuinamisha kichwa mara kwa mara kama mtu anayesinzia. Wenyeji wana maneno yao ya kulieleza jambo hilo. Husema mtoto amesinzia kichwa. Makala yake juu ya kifafa cha Mahenge ilitoka mwaka 1965. Ulimwengu wa tiba uliisoma, kama uliisoma, ukapita.

Ilipofika miaka ya 1990 katika Sudan ya Kusini, na baadaye kaskazini mwa Uganda, yalizuka makundi ya watoto waliotikisa vichwa namna ile ile, wakadhoofika, na wengi wakafa. Wataalamu wa mataifa makubwa walikimbilia huko wakidhani ni ugonjwa mpya. Kumbe ulikuwa umekwisha andikwa katika vilima vinavyolitazama bonde la Kilombero, zaidi ya miaka thelathini kabla. Wakarudi Mahenge kuangalia. Leo wengi wa wachunguzi wanauhusisha ugonjwa huo, pamoja na kifafa kingi cha mahali hapo, na minyoo ya usubi inayoenezwa na vijidudu wa mitoni, ingawa namna hasa minyoo inavyoudhuru ubongo bado inabishaniwa. Lililo muhimu hapa ni kwamba habari hizo zilikuwa hai kwa sababu daktari mmoja aliandika asichokielewa, hakukitupa, na aliendelea kuwarudia wagonjwa wake kwa miongo kadhaa. Taifa haliwezi kuweka mpango wake wa afya juu ya bahati ya kumpata mtu wa namna hiyo. Lazima pawepo na chombo.

Juu ya maji ya mto hakuna haja ya kusema mengi, maana hesabu yenyewe inasema. Kilombero huupa mto Rufiji takriban asilimia 62 ya maji yake, na juu ya Rufiji limejengwa bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115. Uchunguzi mkubwa wa bonde la Rufiji uliofanywa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa ulichapishwa mwaka 1961 katika majuzuu saba, na kipimo cha maji cha Swero, karibu na Ifakara, kilisomwa tangu miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mhandisi wa leo anayetaka kujua kama mto unapungua hana pengine pa kuanzia ila katika safu zile za tarakimu, zilizoandikwa asubuhi baada ya asubuhi na msomaji wa kipimo ambaye mshahara wake ulikuwa mdogo na ambaye jina lake halimo katika juzuu lolote.

Hapo pana jambo lenye kuumiza, nalo ni majina. Kitabu cha akina Culwick kina sifa moja isiyo ya kawaida kwa wakati wake: sura mojawapo iliandikwa na Mtema Towegale Kiwanga, na jina lake limewekwa katika ukurasa wa mbele. Huyo alikuwa mtawala, na pengine ndiyo maana hakusahauliwa. Waliobaki, yaani waliobeba mitego, waliolala uchi wa miguu ili mbu wawatue, waliochimba udongo wa sakafu kutafuta papasi, waliojua kwamba mti huu huitwa hivi kwa Kindamba na vile kwa Kipogoro, hao katika makala huitwa "wasaidizi", na mara nyingi hata hivyo hawaitwi. Lakini ndani ya madaftari wamo. Daftari la uwandani lina desturi ya kuandika nani alikwenda wapi na nani alileta nini, hata kama ni kwa sababu ya malipo ya siku tu. Anayetaka kuiandika historia ya sayansi ya Tanzania kwa haki, pasipo kuifanya kuwa historia ya wageni waliotembelea Tanzania, hana budi kuyapata madaftari hayo. Kurasa za malipo zina thamani sawa na kurasa za vipimo.

Lugha nayo imefanya ukuta. Mwaka 1964 Fritz Haerdi alichapisha uchunguzi mkubwa juu ya mimea ya dawa ya wilaya ya Ulanga. Wenye kumpa maarifa walikuwa waganga na wazee wa bonde. Uchunguzi ulitoka kwa Kijerumani, katika nyongeza ya jarida la Basel. Kwa Kijerumani pia yalitoka, mwaka 1951, maelezo ya Geigy na Georg Höltker juu ya unyago wa wasichana wa Ulanga, na mwaka 1959 makala ya Thierry Freyvogel juu ya mkusanyo wa mikeka iliyosukwa wilayani humo. (Freyvogel alikuja kwa ajili ya mbu, lakini mtu mwenye macho hawezi kukaa Ifakara bila kuitazama mikeka.) Hakuna ubaya kwa Mswisi kuandika kwa lugha yake. Ubaya ni kwamba zaidi ya miaka sitini imepita, na mwanafunzi wa botania mzaliwa wa Malinyi anayetaka kujua bibi yake alimweleza nini mgeni huyo hana budi kwanza kujifunza Kijerumani. Kuzifasiri kazi hizo kwa Kiswahili, zikalinganishwa na mimea iliyokaushwa ambayo ndiyo ushahidi wake, ni kazi ya tasnifu tatu au nne za chuo kikuu, nayo ina manufaa kuliko tasnifu nyingi zinazoandikwa.

Wapo watakaosema basi, warudishiwe Watanzania vyote vilivyochukuliwa. Madai hayo yana haki ndani yake, lakini yanatamkwa kwa sauti kubwa kuliko yanavyofikiriwa. Kwanza, si kweli kwamba Ulaya ni salama daima. Usiku wa tarehe 1 Machi 1943 mabomu yaliteketeza hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Berlin, na pamoja nayo ikateketea mimea mingi ambayo wakusanyaji wa Kijerumani waliichuma Tanganyika. Kilichookoka, kiliokoka kwa sababu ya desturi ya zamani ya wanabotania ya kukausha matawi kadhaa ya mmea mmoja na kuyagawa katika miji mbalimbali. Desturi hiyo ingefaa kuigwa na watu wote wa sayansi: kila daftari liwe na nakala, na nakala isikae chini ya paa moja na asili.

Pili, na hili ni zito zaidi, nyumba inayodai mali yake irudi yafaa iwe na mlango na paa. Mkusanyo wa mimea ulioanzishwa Amani mwaka 1902 ulihamishiwa Nairobi mwaka 1950, nao uko huko hadi leo ukitunzwa vizuri. Uhamisho ule ulikuwa uamuzi wa wakoloni. Lakini wakoloni hawawezi kulaumiwa kwa yanayotokea katika vyuo vya Afrika Mashariki vyenyewe pindi mhadhiri mwenye umri anapostaafu. Ofisi inatakiwa na mwingine. Mafaili ya miaka thelathini hutiwa katika maboksi, maboksi huwekwa chini ya ngazi, na chini ya ngazi kuna mchwa. Karatasi iliyoandikwa upande mmoja hupata wanunuzi haraka sokoni, na karanga za kukaanga zimefungwa katika takwimu nyingi za mvua. Mhadhiri akifariki kabla ya kustaafu, watoto wake, ambao hawana kosa, huona mzigo wa karatasi mahali walipohitaji nafasi ya kitanda.

Vielelezo vya kufundishia vina bahati mbaya kuliko karatasi, kwa sababu hata wenyewe huwa hawavihesabu kuwa ni kumbukumbu. Kwa macho ya mhasibu, chupa yenye nyoka, sanduku la vioo vya damu au kabati la ndege waliojazwa pamba ni vifaa vya darasani, sawa na chaki. Vikichakaa hufutwa katika orodha ya mali. Siku hizi, baada ya picha kupatikana kwa wingi katika kompyuta, wakuu wa idara huona fahari kuondoa chupa zenye harufu na kuweka skrini. Lakini nyoka wa kufundishia aliokotwa mahali fulani, siku fulani. Kioo cha damu ambacho mwanafunzi wa uganga alionyeshwa Ifakara ili aijue homa ya papasi kilitoka kwa mgonjwa wa kijiji fulani, wakati ambapo homa hiyo ilikuwa ikijulikana na kila mkazi wa nyumba za udongo. Nyumba zimebadilika, papasi wamepungua, na madaktari vijana wengi hawajapata kuiona homa hiyo kwa macho yao. Huenda vioo vya darasani ndivyo ushahidi pekee uliosalia wa jinsi ilivyokuwa.

Gharama ya kuvitunza ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Spiriti hupungua chupani, hivyo huongezwa. Kifuniko cha chuma hushika kutu, hivyo huwekwa cha plastiki au kioo. Kibandiko cha nje ya chupa hubanduka kwa joto la Ifakara. Cha ndani kikiandikwa kwa wino wa kalamu ya kawaida, spiriti huufuta. Kibandiko kilichoandikwa kwa kalamu ya risasi juu ya karatasi imara na kutumbukizwa ndani ya chupa hudumu miaka mia moja. Kalamu ya risasi haigharimu mamilioni. Na bila kibandiko, nyoka chupani ni kitu cha kutisha watoto tu.

Kuna watu wanaodharau umuhimu wa kielelezo kimoja. Hao wakumbushwe ndege wa bonde. Mnana wa Kilombero, ambaye hapatikani kwingine duniani, alipewa jina la kisayansi mwaka 1990. Ndege wengine wawili wadogo wa matete, wa jamii ya Cisticola, walikuwa wakijulikana na watazamaji wa ndege tangu miaka ya 1980, lakini walikaa bila jina rasmi hadi mwaka 2021. Jina halitolewi kwa sifa za kusikia. Hutolewa kwa kielelezo kilichowekwa mahali panapojulikana, ambacho mtu mwingine aweza kwenda kukitazama na kupinga. Katika muda huo wote matete yalikuwa yakifyekwa na kulimwa mpunga, na sheshe, ambao bonde hili liliwahi kuwa nao wengi kuliko mahali pengine popote, walikuwa wakipungua.

Vyuo vya nchi hii si kwamba haviwezi. Katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chumba cha mkusanyo wa Afrika Mashariki, zimo karatasi za Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa serikali wa mila na desturi, aliyefariki mwaka 1962. Watafiti wa sheria na historia wamekuwa wakizitumia kwa miongo mingi, na wengi wao ni Watanzania. Hakuna aliyeuliza zina faida gani. Inashangaza kwamba karatasi za mtu wa mila zimepata kabati na orodha, ilhali madaftari ya watu wa mbu, samaki na udongo huonekana kama uchafu wa maabara. Sheria nayo ipo: sheria ya mwaka 2002 ya usimamizi wa kumbukumbu na nyaraka inaitambua hazina ya taifa. Na Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986 kushika nafasi ya Baraza la Utafiti lililotangulia, ndiyo inayotoa vibali vya utafiti. Kibali kingeweza kudai, zaidi ya ripoti, orodha ya madaftari na vielelezo vitakavyotokana na kazi, na jina la hifadhi vitakamowekwa. Mtafiti mgeni abaki na nakala. Asili ikae nchini. Mtafiti mwenyeji naye asisamehewe sharti hilo kwa sababu ya uraia wake.

Habari zilizomo ndani ya kompyuta zisidhaniwe kuwa zimeokoka. Tangu mwaka 1996 Ifakara imekuwa ikiandika vizazi, vifo na uhamiaji katika vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga, kazi ambayo ni nchi chache za Afrika zinazoweza kujivunia. Lakini disketi za miaka ile leo hazina mashine ya kuzisoma katika ofisi nyingi, wakati karatasi ya mwaka 1935 husomwa na yeyote mwenye miwani. Chombo kipya kinahitaji mhifadhi zaidi ya kile cha kale, si pungufu.

Pingamizi moja linastahili heshima. Kadi za wagonjwa zina majina. Mjukuu wa mgonjwa wa kifafa wa Mahenge hana haja ya kuona jina la babu yake mezani kwa kila mwanafunzi, katika mahali ambapo kifafa bado huvunja posa. Jibu lake ni kanuni, wala si moto: karatasi za namna hiyo zifungwe kwa muda wa miaka itakayokubaliwa, na zisomwe kwa ruhusa, majina yakiwa yamefunikwa. Hifadhi zote za hospitali zenye kuheshimika hufanya hivyo.

Limebaki swali la mahali. Dar es Salaam ina maktaba na watu. Sokoine ina maktaba ya taifa ya kilimo. Na Ifakara kwenyewe kuna chuo kikuu kishiriki cha afya cha Mtakatifu Fransisko, kilichoanzishwa mwaka 2010, hatua chache tu kutoka mahali Geigy alipoweka hadubini yake. Kuna sababu nzuri za kuweka Dar es Salaam, hasa mafuriko ya bondeni na unyevu wake. Sababu ya kuweka Ifakara ni moja, nayo ina nguvu zaidi: madaftari hayawezi kusomwa mbali na wanaoyajua. Wilaya ya Ulanga iliyotajwa katika kibandiko cha mwaka 1955 ilikuwa kubwa mara kadhaa kuliko Ulanga ya leo. Vijiji vilihamishwa wakati wa operesheni ya miaka ya 1970, vikabeba majina yao au vikayaacha. Reli ya TAZARA ilipita, kivuko kikawa daraja. Mtu aliyeko mbali akisoma "nyumba ya tatu baada ya mwembe, upande wa kivuko" hana la kufanya na maneno hayo.

Wapo wazee Ifakara, Kikwawila na Namawala ambao ujanani walifanya kazi na maabara, wakashika taa usiku wakati mbu wakihesabiwa. Wanayatambua maandishi ya mabwana na mabibi waliowaajiri, wanaujua mwembe ulipokuwa, na wanaweza kusema ni nani yule aliyeandikwa kwa herufi mbili tu pembeni mwa ukurasa. Chumba kikavu, kabati za chuma zilizoinuliwa juu ya sakafu, mhifadhi mmoja aliyesomea kazi yake, na kinasa sauti: kwa vitu hivyo kazi yaweza kuanza kabla hata ya barua ya kwanza kupelekwa Basel kuomba nakala. Barua hiyo yaweza kungoja mwaka mmoja. Wazee hao, ambao wengi wamekwisha pita miaka themanini, hawana mwaka wa kungoja.